Kisiwani na Watoto: Panga Pesa Yako Kabla Hujavuka Maji

Ukiishi Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, bahari si mbali kama inavyoonekana kwenye ramani. Unapanda treni asubuhi, na mchana huohuo watoto wanasikia joto la Mombasa. Ndiyo maana shule zikikaribia kufungwa, simu zinajaa picha za hoteli za ufukweni, bei za ofa na jumbe za “lipa leo upate nafasi”. Kila mzazi anajiuliza: tutaweza kweli?

Mnaweza. Lakini likizo ya kisiwani na watoto wadogo ina hesabu yake. Nyumbani Kitengela, ukikosa maziwa saa mbili usiku, duka liko pale kona. Ukikosa pesa taslimu, wakala yuko mlango wa pili. Kisiwani hakuna hayo. Kuna hoteli moja au mbili, kuna mashua, na kuna maji pande zote. Kilichosahaulika huku kinagharimu mara mbili kule, au hakipatikani kabisa.

Kwa hivyo tunakupa kanuni moja yenye sehemu tatu. Pesa kubwa ilipwe kabla, kwa namba ya biashara. Pesa ya dharura ikae kando, isiguswe. Pesa ndogondogo ndizo utakazovuka nazo. Sasa tuione ikifanya kazi, hatua kwa hatua.

Kisiwa gani kinafaa watoto?

Kwa familia inayotoka Kajiado, pwani ya kusini ni rahisi kufika bila ndege. Kuna visiwa viwili vya kufikiria, na havifanani hata kidogo.

Cha kwanza ni Chale, kusini mwa Diani. Ni kisiwa kidogo chenye hoteli ya kitalii, karibu na nchi kavu. Maji yakijaa mnavuka kwa mashua, yakipwa mnavushwa na trekta. Watoto watakumbuka hiyo trekta kuliko chumba chenyewe! Lakini elewa maana yake kwa mfuko wako: ukishavuka, chakula ni cha hoteli. Hakuna kibanda cha chapati nje ya geti.

Cha pili ni Wasini, mkabala na Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Hapa hakuna magari kabisa. Malazi mengi ni nyumba za wageni za kawaida, na samaki na kaa ni wa leo. Kuna bustani ya matumbawe ya kale yenye daraja la mbao linaloendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji. Mtoto wa miaka minne anaweza kuitembea bila kuchoka. Kwa upande mwingine, maji baridi yamekuwa shida ya muda mrefu Wasini, na kwa miaka mingi wakazi wametegemea mvua. Uliza mapema kuhusu maji ya kuoga na ya kunywa, hasa kama una mtoto mchanga.

Karibu na Wasini kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako watu huenda kuona pomboo na samaki wa matumbawe. Hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa mkononi. Fanya malipo hayo ukiwa bado una mtandao mzuri, kisha hifadhi risiti kwenye simu.

Angalia pia msimu. Aprili na Mei ni mvua za masika. Likizo ya Agosti hukutana na upepo wa kusi, na bahari huchafuka zaidi. Desemba ni kaskazi: bahari hutulia, lakini bei nazo hupanda. Ukitaka Desemba, anza kuweka pesa Juni.

Hesabu ya familia moja

Tuseme ni familia ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka sita na wa miaka miwili. Wanataka kulala usiku tatu. Bei za hoteli hapa ni za mfano tu, weka zako.

Treni kwanza. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipi. Kwa hivyo wazazi wawili kwenda na kurudi ni 6,000, na mtoto wa miaka sita ni 1,500. Jumla 7,500. Hakikisha nauli ya siku hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu bei hubadilika.

Hoteli, tuseme 20,000 kwa usiku kwa familia nzima: 60,000. Usafiri kutoka stesheni ya Mombasa hadi pwani ya kusini, mashua na kurudi: 12,000. Vitafunio, maji, nepi na bakshishi: 6,500. Dharura: 10,000.

Jumla ni shilingi 96,000. Inatisha ukiitazama kwa mkupuo. Igawe kwa wiki 24, kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzo wa Desemba: ni 4,000 kwa wiki. Bado si pesa kidogo, lakini sasa ni kitu unachoweza kukipangia. Anayeuza mbuzi soko la Bissil anaweza kuweka kwa mwezi anapouza. Anayelipwa mshahara EPZ anaweza kuweka siku ileile mshahara unapoingia, kabla kodi na matumizi hayajaula.

Weka pesa hizo mahali pa kufungia, si kwenye salio la kila siku. Huduma nyingi za pesa kwa simu zina akaunti ya akiba unayoweza kuifunga hadi tarehe fulani. Ipe jina: “Bahari”. Ukiona jina hilo, utafikiria mara mbili kabla ya kuitoa kwa ajili ya nyama choma ya Jumapili.

Na kama hesabu haifiki Desemba? Punguza usiku mmoja, au sogeza safari hadi Aprili mwisho wa likizo ukikubali mvua. Usijazie pengo kwa mkopo wa simu. Huduma ya kuruhusu salio kushuka chini ya sifuri ni nzuri ukikwama na nauli ya kufika nyumbani, lakini ada yake huhesabiwa siku kwa siku. Januari inakuja na karo, sare na vitabu. Hutaki kuipokea Januari ukiwa bado unalipia mawimbi ya Desemba.

Dipoziti: hapa ndipo watu hulizwa

Sasa tuongee kuhusu sehemu inayoumiza zaidi. Matapeli wanajua likizo inapokaribia, na wanajua mzazi aliyeahidi watoto bahari hataki kurudi nyuma.

Mchezo wenyewe huwa hivi. Unaona ukurasa wa Facebook wenye picha safi: bwawa la kuogelea, minazi, chumba cha familia. Bei iko chini kidogo kuliko kwingine, si chini sana, ili usishtuke. Unaandika WhatsApp. Mtu anakujibu haraka, kwa heshima nyingi: “Karibu sana dada, watoto ni bure kabisa.” Kisha inakuja presha: “Kuna familia nyingine inataka tarehe hizohizo, tuma nusu sasa hivi nikushikie.” Namba anayokupa ni ya mtu binafsi. “Till yetu ina shida leo, tumia hii ya meneja.”

Hapo simama. Hapo hapo.

Picha zinaweza kuwa za hoteli ya kweli, zimeibwa tu. Jina linaweza kuwa la hoteli ya kweli, limeongezwa herufi moja. Kitu ambacho tapeli hapati kwa urahisi ni namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la hoteli hiyo. Kwa hivyo fanya haya kabla ya kutuma hata shilingi moja:

1. Tafuta hoteli wewe mwenyewe, usifuate kiungo ulichotumiwa. Pata namba ya simu kwenye tovuti yao rasmi, piga, uliza kama kweli wana nafasi na kama mtu uliyeongea naye ni wao.

2. Omba namba ya Till au Paybill ya biashara. Ukiweka namba na kiasi, simu hukuonyesha jina la anayelipwa kabla hujathibitisha. Lisome polepole. Kama hoteli inaitwa hivi na jina linasema vile, ghairi kwanza, kisha piga simu kuuliza. Wakati mwingine biashara husajiliwa kwa jina la kampuni mama, na hoteli halisi itakueleza hilo bila kukasirika.

3. Omba hati ya malipo iliyoandikwa: tarehe, idadi ya usiku, umri wa watoto, milo iliyojumuishwa, na nini kinatokea ukighairi.

4. Omba mkupigie simu ya video wakutembeze pale mapokezi. Anayekaa hotelini hatakosa dakika mbili.

5. Lipa kwa awamu wakikubali. Asilimia 30 leo, iliyobaki wiki moja kabla ya safari au mkifika.

Ukilipa, usifute ujumbe wa muamala. Ile namba ya herufi na tarakimu iliyo mwanzoni mwa ujumbe ndiyo ushahidi wako. Iandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuanguka majini.

Je, ukikosea namba? Chukua hatua mara moja. Kwa M-Pesa, unatuma ujumbe wa muamala huo kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Lakini ukweli ni huu: kurudishiwa kunategemea pesa kama bado zipo kwenye akaunti ya aliyepokea. Tapeli hakai nazo, anazitoa ndani ya dakika chache. Kusoma jina kabla ya kubonyeza PIN kuna nguvu kuliko malalamiko yoyote baadaye.

Maswali ya kuuliza hoteli kama una watoto

Neno “bure kwa watoto” lina mitego. Uliza: bure hadi umri gani? Hoteli moja inahesabu mtoto hadi miaka 4, nyingine hadi miaka 12. Bure ni kitanda peke yake au na chakula pia? Mtoto wa pili naye ni bure? Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu bei ya mtoto husimama juu ya umri wake.

Uliza kuhusu milo. Kitanda na chai ya asubuhi tu kinaonekana rahisi, lakini kisiwani chakula cha mchana na cha jioni utakinunua kwa bei ya hoteli, mara nne, kila siku. Kwa familia yenye watoto wanaokula kila baada ya saa mbili, malipo yenye milo mitatu mara nyingi hutoka nafuu. Piga hesabu ya zote mbili kabla ya kuchagua.

Uliza kama nauli ya mashua ya kuvuka imo ndani ya bei au ni kando. Uliza kama kuna jaketi za kuokoa maisha zenye saizi ya watoto. Jaketi ya mtu mzima haimshiki mtoto wa miaka mitatu, inamtoka kichwani. Kama nahodha hana saizi yake, subirini mashua nyingine. Pesa ya mashua inapatikana tena.

Na bili ya chumba? Vitu vidogo huandikwa kwenye chumba: soda hapa, barafu pale. Omba kuiona kila jioni. Kushangazwa na bili siku ya kuondoka, watoto wakilia na mashua ikisubiri, hutalipa kwa akili tulivu.

Njia ya kwenda

Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani huanzia stesheni ya Nairobi, Syokimau, na hupitia Athi River. Kwa mtu wa Kitengela, kupandia Athi River kunaweza kukuokoa foleni ya Mombasa Road. Treni ya moja kwa moja haisimami hapo, kwa hivyo soma tiketi vizuri. Tiketi za Desemba huisha mapema, nunua mara tu likizo ikijulikana, kupitia njia rasmi za shirika la reli pekee. Anayekuambia ana tiketi za ziada za kukutumia kwa WhatsApp anataka pesa zako tu.

Mkifika stesheni ya Mombasa pale Miritini, mna njia mbili za kwenda kusini. Ya zamani ni kupitia mjini na feri ya Likoni, ambapo watu wa miguu hawalipi. Nyingine ni barabara ya Dongo Kundu, inayokutoa upande wa Miritini hadi barabara ya Lunga Lunga bila kugusa feri. Na watoto wawili, mabegi na jua la saa nane, Dongo Kundu ni baraka. Kubalianeni bei na dereva kabla ya mabegi kuingia kwenye gari, na lipeni mkifika, si mkiondoka.

Vitu vya kununua kabla ya kuvuka: nepi, maziwa ya mtoto, dawa ya homa, mafuta ya kukinga jua, maji ya kunywa. Ukunda pana maduka makubwa na mawakala wengi. Toa pesa taslimu hapo, kiasi cha siku mbili hivi. Kisiwani wakala anaweza kuwa mmoja, na siku hiyo anaweza kuwa hana pesa za kukupa.

Pesa ukiwa kisiwani

Msiweke pesa zote kwenye simu moja. Baba abaki na sehemu, mama sehemu. Kama mna laini za mitandao tofauti, bora zaidi, kwa sababu mmoja unaweza kushika vizuri pale ambapo mwingine unayumba. Simu ikizama, kurudisha laini kunahitaji kitambulisho na duka la huduma, na duka hilo haliko ufukweni.

Simu ya pesa isiwe simu ya katuni. Mtoto wa miaka sita huona PIN yako ukiibonyeza mara tatu na ya nne anaijua. Weka PIN ya pesa tofauti na ile ya kufungua simu, na usiibonyeze mtoto akiwa amekuegemea begani.

Ukimlipa nahodha, mpishi au muuza madafu kwa simu, lipa kwa Till au namba yake ya biashara kama anayo. Kwa M-Pesa, mteja anayelipa kwa Till ya kununua bidhaa hakatwi ada, tofauti na kumtumia mtu. Kwa siku tatu za malipo madogomadogo, tofauti hiyo inatosha madafu ya watoto.

Ile 10,000 ya dharura

Wazazi wengi huila hii ya kwanza. Tafadhali usiiguse, na hii ndiyo sababu.

Kajiado ni kame na malaria si ugonjwa wa kila siku. Pwani ipo malaria, na mtoto aliyekulia Kitengela hana kinga ya mtoto aliyekulia Kwale. Walio chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi. Kabla ya safari, pita kliniki uulize kuhusu kinga inayofaa umri wa watoto wako. Hakikisheni chumba kina chandarua kisichotoboka, na jioni watoto wavae mikono mirefu.

Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Hiyo ina maana homa inaweza kuja mkiwa mmesharudi Kitengela, mabegi yamefunguliwa na likizo imesahaulika. Mtoto akipata homa wiki zinazofuata, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na useme wazi: “Tulikuwa pwani.” Maneno hayo mawili hubadilisha vipimo daktari anavyoagiza. Ndiyo maana pesa ya dharura haiishi siku mnayorudi. Ishike kwa mwezi mzima.

Mkiwa bado kusini, hospitali kubwa ya umma upande huo ni ya rufaa ya kaunti pale Msambweni. Kabla ya kuondoka nyumbani, bonyeza *147# uangalie kama usajili wako wa SHA uko sawa na kama watoto wote wameorodheshwa kama wategemezi wako. Na uliza hoteli swali moja ambalo wageni wengi hawaulizi: usiku wa manane, mtoto akizidiwa na maji yamepwa, mnatuvusha vipi? Hoteli nzuri ina jibu tayari.

Orodha ya kubandika kwenye friji

Miezi sita kabla: fungua akiba yenye jina, amua kiasi cha wiki.

Miezi miwili kabla: thibitisha hoteli kwa simu, soma jina kwenye Till au Paybill, lipa awamu ya kwanza, omba hati.

Tiketi zikitoka: nunua za treni, za kwenda na za kurudi.

Wiki moja kabla: maliza malipo ya hoteli, angalia SHA, pita kliniki, piga nakala za vyeti.

Siku ya safari: gawa pesa simu mbili, toa taslimu Ukunda, dharura ibaki ilipo.

Mwezi mmoja baada ya kurudi: kama watoto wako wazima, ile 10,000 sasa ni mwanzo wa akiba ya safari ijayo.

Mtumie makala haya yule rafiki wa chama anayesema Desemba hii lazima watoto waone bahari. Mwambie asome sehemu ya dipoziti kwanza.